Tumbo Likishuka, Matibabu Bado

Mtu ambaye tangu jana hajapata choo wala kutoa hewa, tumbo limevimba na maumivu yanakuja na kuondoka, asipewe dawa ya kuharisha. Asiingiziwe maji ya sabuni wala mitishamba kwa njia ya haja kubwa. Utumbo ulioziba ukilazimishwa unaweza kupasuka na kumwaga kinyesi ndani ya tumbo. Asile, asinywe, apelekwe hospitali yenye chumba cha upasuaji usiku huo huo.

Huku Kisumu, Siaya na Kakamega, sababu moja ya kuziba, hasa kwa wanaume watu wazima, ni kujisokota kwa utumbo mpana, kwenye sehemu iliyo juu ya puru. Kwa baadhi ya watu sehemu hiyo ni ndefu mno, na utando unaoishikilia una shina jembamba, hivyo huzunguka kwa urahisi. Njia hufungwa pande zote mbili, gesi ikajaa bila pa kutokea. Mishipa ya damu nayo ikibanwa, utumbo huanza kufa katika muda wa saa chache.

Hospitalini mgonjwa hutundikiwa dripu kwanza, akawekewa mpira wa puani wa kutoa uchafu wa tumboni, na mpira wa mkojo. Jamaa hulalamika kwamba anacheleweshwa. Hacheleweshwi: mtu wa kilo 60 anapaswa kutoa mkojo wa angalau mililita 30 kwa saa, na akitoa chini ya hapo, mara nyingi mwili bado umekauka na nusukaputi inaweza kuuangusha moyo. Eksrei huonyesha utumbo uliotanuka kwa umbo la punje kubwa ya kahawa.

Kama hakuna dalili za kuoza, daktari hupitisha kifaa chenye taa kwenye njia ya haja kubwa mpaka pale uliposokotwa. Gesi hutoka kwa kishindo, tumbo likashuka palepale, na mpira laini huachwa ndani kwa siku moja hadi tatu. Hapo ndipo wengi hufunga mizigo, na hapo ndipo tunapowasihi wabaki. Utumbo ule bado ni mrefu na shina lake bado ni jembamba. Wengi wasiofanyiwa upasuaji hurudi utumbo ukiwa umejisokota tena, pengine safari hii ukiwa umeshaoza. Sehemu hiyo ikatwe katika kulazwa huko huko, mgonjwa akiwa ametulia.

Utumbo ukikutwa umeoza, hukatwa mara moja. Mara nyingi hatuziungi ncha siku hiyo, kwa sababu kiungo kilichoshonwa kwenye tumbo chafu la mtu mwenye presha ya chini huvuja. Ncha ya juu hutolewa kwenye ngozi na kuwekewa mfuko, ambao humwagwa kabla haujafika nusu. Wengi huweza kurudishiwa njia yao baada ya miezi mitatu au zaidi.

Saratani ya utumbo mpana nayo huziba, lakini kwa kawaida hutanguliza ishara: choo kubadilika kwa wiki nyingi, damu, kukonda, kuishiwa damu. Inasikitisha kuona damu hiyo ikitibiwa kama bawasiri au amiba mara tatu, nne, bila mtu kupima kwa kidole wala kwa kamera. Hata kijana wa miaka 30 apimwe.

Katika upasuaji wa saratani, uvimbe hutolewa pamoja na utando wenye tezi zake, na maabara inapaswa kuchunguza tezi zisizopungua 12. Kipande kikitolewa kiwekwe kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, na kufika maabara; jamaa waulize kiko wapi na majibu yanatoka lini. Majibu hayo ndiyo yanayoamua kama kuna haja ya kemotherapi, yaani dawa za kuua saratani, ambayo ni vyema ianze ndani ya wiki nane baada ya upasuaji. Anayetoka Bondo kwenda Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi pale Kisumu, au anayepewa rufaa kwenda hospitali ya Moi, Eldoret, abebe majibu hayo kwa maandishi, picha zake, barua ya kutoka wadini na usajili wake wa SHA, bima ya afya ya serikali.