Sauti ya juu si sauti kubwa: istilahi za kwanza za muziki darasani

Waambie watoto wa Gredi ya 3 "imbeni kwa sauti ya juu" uone: watapiga kelele mpaka darasa jirani lichungulie. Hawajakosea. Nyumbani redio "ikiwa juu" ni kelele, na hakuna aliyewaambia kwamba katika muziki neno juu lina kazi nyingine. Nyingi ya istilahi zinazowashinda watoto si ngumu. Ni maneno wanayoyajua tayari, kwa maana nyingine.

Kwa hiyo mimi huanza kwa kutenganisha kidatu na ukubwa wa sauti. Kidatu ni wembamba au uzito wa sauti: nyembamba iko juu, nzito iko chini. Ukubwa ni nguvu tu. Huku magharibi mwa Kenya tuna kifaa kisicho na mpinzani kwa somo hili, nazo ni ngoma za isukuti za Waisukha na Waidakho wa Kakamega: kubwa, ya kati na ndogo. Igonge kubwa kwa ncha za vidole, utapata sauti nzito lakini ndogo. Kisha piga ile ndogo kwa nguvu: nyembamba, na kubwa. Sasa geuza. Mtoto akishasikia michanganyiko yote minne, mwambie afumbe macho akutajie anachosikia, maneno mawili kila mara: "nzito, ndogo". Akitaja moja tu, bado hajatenganisha.

Orutu, fidla ya Waluo, hukamilisha hoja. Ina uzi mmoja tu, na ukibonyeza uzi huo kidole kikikaribia upinde, sehemu inayotetema inakuwa fupi na kidatu kinapanda. Kufupisha hupandisha, kurefusha hushusha.

Shule isiyo na ngoma itumie chupa tatu za soda za kioo zenye maji ya viwango tofauti, ila amua mapema kama mtagonga au mtapuliza. Ukigonga, chupa yenye maji mengi hutoa sauti nzito zaidi, kwa sababu kinachotetema ni kioo na maji yanakiongezea uzito. Ukipuliza mdomoni mwa chupa, mambo yanageuka: kinachotetema ni hewa, na maji mengi yameifupisha, basi sauti inapanda. Mwalimu akichanganya njia hizi mbili katika kipindi kimoja, atajikanusha mbele ya darasa.

Mtego wa pili ni "polepole". Kwetu linabeba mwendo na upole wa sauti pamoja: "ongea polepole, mtoto amelala". Darasani liache kwa tempo, yaani kasi ya wimbo, peke yake. Ukitaka sauti ipungue, sema "sauti ndogo". Hata hivyo utaona wakiongeza sauti wanaongeza na mwendo. Kwaya za watu wazima nazo zina ugonjwa huo.

Mapigo na ridhimu ndipo pa kukaa muda mrefu. Pigo ni hatua ya mguu, sawasawa bila kubadilika; mshale wa sekunde wa saa ya ukutani hutoa mapigo 60 kwa dakika, mwendo mzuri wa kuanzia. Ridhimu ni mpangilio wa sauti ndefu na fupi juu ya hatua hizo. Majina tunayotumia ni taa kwa pigo moja, taa-aa kwa mawili, ta-te kwa pigo lililogawanywa mara mbili, tafatefe mara nne, na saa kwa pumziko la pigo moja. (Watacheka: taa ya umeme na saa ya mkononi. Waache wacheke, hawatasahau.)

Chukua barabara: honi "pii" ni taa, "basi" ni ta-te, "bodaboda" ni tafatefe. Andika ubaoni pii, basi, bodaboda, saa. Nusu ya darasa itembee mapigo, nusu ipige makofi kwa silabi. Baada ya muda mfupi miguu itaanza kufuata makofi, na mapigo yatapotea. Mpe mtoto mmoja ngoma kubwa apige pigo tu. Tazama pia kama wanaharakisha bodaboda: silabi nne lazima zitoshe ndani ya hatua moja, wala si hatua kukimbia ili kuzifuata.

Katika sol-fa, yaani majina ya sauti za ngazi ya muziki, anza na s (so) na m (mi), ongeza l (la), kisha d (do) na r (re). F (fa) na t (ti) zisubiri, kwa sababu kati ya m na f, na kati ya t na d ya juu, kuna nusu hatua tu ya kidatu, na sikio changa huipanua.

Mistari mitano ya noti iko mkononi: vidole vitano ni mistari, nafasi nne ziko katikati. Hesabu kutoka chini; wengi huanzia juu kama wanaosoma kitabu. G iko mstari wa 2, A nafasi ya 2, B mstari wa 3.

Hizo ndizo noti tatu za kwanza za rekoda (filimbi ya matundu), mkono wa kushoto ukiwa juu. B ni gumba nyuma na kidole cha shahada. Ongeza cha kati upate A, cha pete upate G. Ikipiga mluzi mkali, kagua mambo mawili: tundu halijazibwa vizuri, au pumzi ni kali mno. Mwambie apulize kama anayepoza chai, akianza kila noti kwa ulimi, "du". Vidole viwe bapa kidogo. Alama ya duara ikibaki kwenye nyama ya kila kidole, tundu lilizibika.