Kesi ya kifo cha seli huanzia kwenye OB

Tangu Juni 2025 ni nadra nipande matatu ya kutoka Umoja hadi mjini nisisikie kifo cha Albert Ojwang mikononi mwa polisi kikijadiliwa. Konda ana hukumu yake, mama wa kiti cha nyuma ana yake, na kijana aliyeziba masikio kwa muziki anayazibua ili aseme kwamba nchi hii polisi hafungwi. Mimi ni wakili. Kazi yangu kubwa ni kusimama mahakamani kwa niaba ya familia ambazo mtu wao aliingia seli akitembea akatoka amebebwa. Abiria wakishajua hivyo, swali huwa moja: "Sasa wakili, watafungwa ama hawatafungwa?"

Hilo silijibu. Maafisa na raia walioshtakiwa, sita kwa jumla, walikana mashtaka ya mauaji, na kifungu cha 50 cha Katiba kinawahesabu kuwa hawana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ninachoweza kueleza ni jinsi kesi ya namna hii inavyojengwa na inavyobomoka. Naona tunabishana sana juu ya mwisho wake, na mwanzo wake, ambao ndio unaoamua, tunauruka.

Turudi kwenye saa za kwanza. Ojwang, mwalimu aliyekuwa pia akiandika mitandaoni, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay Jumamosi, tarehe 7 Juni, akasafirishwa zaidi ya kilomita 300 hadi Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi. Kabla ya Jumapili kupambazuka alikuwa amefariki. Taarifa ya polisi ikasema alijigonga kichwa ukutani mwa seli. Siku mbili baadaye madaktari walimpasua maiti, na Dkt. Bernard Midia akawaeleza waandishi wa habari kwamba majeraha yalikuwa kichwani pande mbalimbali, shingo ilikuwa imebanwa, na mwili ulikuwa na michubuko mingi. Hayakuwa majeraha ya mtu aliyejigonga mwenyewe. Inspekta Jenerali alilazimika kuomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ile ya kwanza. IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi, nao wakawaambia maseneta kwamba kamera za kituo zilikuwa zimechezewa.

Watu wengi wanakumbuka radhi. Mimi ninayokumbuka ni kwamba taarifa ya ukuta iliandikwa na mtu, mahali fulani, kabla ya daktari kugusa mwili. Kila kesi ya kifo cha seli ina taarifa ya kwanza kama hiyo.

Mahali inapoandikwa kwanza, kwa kawaida, ni kitabu cha matukio, OB kama kila Mkenya anavyokiita. Wengi wanakijua kwa sababu walipotewa na kitambulisho wakapewa namba. Namba hiyo ina maana yake: matukio ya siku hufuatana kwa hesabu, moja, mbili, tatu, pamoja na saa, kisha siku inayofuata hesabu inaanza upya. Huwezi kuchomoa namba katikati bila pengo kuonekana, wala kuipachika bila kuwasogeza jirani zake.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa na OB ya kituo kimoja cha hapa Nairobi, ambacho sitakitaja, kwa muda wa saa nzima na ushei, afisa akinisimamia begani. Kijana aliyekufa aliingizwa seli saa tatu na dakika arobaini usiku. Mali yake imeorodheshwa vizuri: mshipi mmoja, simu moja, shilingi 150, viatu jozi moja. Chini yake kuna maandishi ya ukaguzi wa seli, saa saba, saa tisa, saa kumi na moja, yote yakisema mahabusu wako salama. Kati ya kaguzi hizo kuna watu waliokuja kuripoti wizi na ugomvi, na taarifa zao zimeandikwa kwa haraka, wino wa bluu, mwandiko ukipanda na kushuka kama wa mtu mwenye usingizi. Lakini kaguzi tatu za seli zina wino mweusi, mkono mmoja uliotulia, na ya mwisho imeminywa chini ya mstari wa mwisho wa ukurasa, ikapewa namba ya jirani yake na kuongezewa herufi A. Niligeuza ukurasa nikapapasa kwa kidole. Alama za kalamu za mistari ile mitatu zilikuwa na kina kimoja, mfululizo, kana kwamba mtu aliketi mara moja akaandika usiku mzima.

Hata hivyo si mistari hiyo iliyonishtua zaidi. Ulikuwa mstari mfupi juu yake, ulioandikwa alipopokelewa: mshukiwa hana jeraha lolote. Afisa wa zamu huandika hivyo kujikinga, ili mtu asije akadai kesho kwamba alipigwa kituoni kumbe alipigwa huko mtaani. Mtu akifa, mstari huohuo unageuka. Kitabu cha kituo chenyewe kimeshashuhudia kwamba walimpokea mzima.

Hapo ndipo sheria inapowauliza waliokuwa na funguo. Kifungu cha 111 cha Sheria ya Ushahidi kinasema jambo ambalo mshtakiwa analijua yeye hasa, mzigo wa kulieleza uko kwake. Ukimwachia jirani mtoto wako jioni akiwa mzima, na asubuhi akakurudishia maiti, hakuna mzee wa mtaa atakayekutaka wewe ueleze kilichotokea usiku. Lakini nisieleweke vibaya, kwa sababu kosa hili nalisikia kila siku: kifungu hicho hakimwondolei upande wa mashtaka kazi yake. Bado wao ndio watakaothibitisha bila shaka yoyote ya maana kwamba ni kosa la jinai, na kwamba ni fulani.

Na "ni fulani" ndipo kesi nyingi hufia. Kituo kina zamu, zamu ina watu, na wote wanaweza kusema walikuwa upande wa pili.

Mfano ulio karibu nasi ni wa kituo cha polisi cha Ruaraka, hapa Nairobi. Desemba 2013 Martin Koome alikamatwa kwa ugomvi wa nyumbani, akapigwa kituoni, akafa. Taarifa ya kwanza ilisema aliumizwa na mahabusu mwenzake, na mahabusu huyo akashtakiwa kweli kwa mauaji. Hebu lifikirie hilo: mtu aliyelala seli moja na marehemu, akiwa mwenyewe shahidi, akageuzwa mshtakiwa. IPOA walichunguza upya, mashtaka dhidi yake yakaondolewa, na aliyepandishwa kizimbani akawa mkuu wa kituo mwenyewe, Nahashon Mutua. Mahakama Kuu ilimtia hatiani, na Februari 2019 Jaji Stella Mutuku akamhukumu kifo. Kwa hiyo kijana wa matatu anayesema polisi hafungwi ana haki ya kuwa na hasira, lakini hana haki ya kusahau Ruaraka. Akisahau, familia inayofuata itaambiwa isijisumbue, nayo itasikiliza.

Baada ya OB kuna chumba cha maiti. Watu hudhani daktari anatazama mwili kwa nje kisha anaandika. Mwili wa mtu mwenye ngozi nyeusi kama yetu unaweza kuficha kipigo kikubwa. Kwanza ndugu wawili humtambua marehemu mbele ya daktari. Kisha, kichwani, ngozi hukatwa kutoka sikio hadi sikio kupitia utosini na kukunjuliwa, na ndipo damu iliyovilia chini yake huonekana, kila bonge mahali pake. Mtu aliyejigonga ukutani hugonga sehemu moja, mara nyingi paji la uso. Mabonge yaliyotawanyika mbele, kando na kisogoni yanasimulia mambo mengine. Shingo huachwa mwisho, ubongo na viungo vya kifua vikishatolewa, ili damu iwe imechuruzika na misuli iweze kufunuliwa tabaka kwa tabaka. Daktari asiporuka hatua atapasua pia nyayo na viganja vya mikono, maana huko ndiko viboko huacha damu isiyoonekana.

Familia ina nafasi ya kumleta daktari wake asimame hapo. Nawasihi wasiiache, hata kama ni kwa mchango wa kanisa na wa kikundi cha WhatsApp. Nimewahi kufika nimechelewa, mwili umeshashonwa, ripoti ina mistari minne, na hakuna picha hata moja ya shingo. Mwili ulizikwa wiki hiyohiyo. Kila swali nililotaka kuuliza mahakamani lilikuwa limefukiwa nao.

Bunge lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo, watu wasio wa kituo ambao wangefika kabla sakafu haijapigwa deki. Miaka ikapita huduma hiyo haijasimama. Mtaani sijasikia yeyote akiizungumzia, na ndiyo ningetaka tuipigie kelele kuliko jina la afisa yeyote. Hadi leo mkono wa kwanza kugusa seli ni wa kituo kilekile.

Swali la mauaji na kuua bila kukusudia linachanganya wengi. Nasikia: "Lakini hawakutaka afe, walitaka tu kumtia adabu." Kifungu cha 206 cha Kanuni ya Adhabu hakidai nia ya kuua peke yake, nia ya kumdhuru mtu vibaya inatosha kuwa nia ovu. Isipothibitishwa, mshtakiwa anaweza kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Ndivyo ilivyokuwa kwa Alexander Monson, Mwingereza aliyekufa Mei 2012 baada ya kuwa kizuizini Diani. Polisi walisema ni dawa za kulevya. Uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu ulikataa hadithi hiyo mwaka 2018, na Novemba 2021 Mahakama Kuu ya Mombasa ikawatia hatiani maafisa wanne kwa kuua bila kukusudia. Na anayesema "aliagizwa tu" asome Nyongeza ya Sita ya Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi: amri ya mkubwa si kinga kwa nguvu iliyotumika kinyume cha sheria.

Hesabu ya miaka inauma, nakubali. Monson, 9. Koome, zaidi ya 5. Wakili mwenzetu Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao Joseph Muiruri walitekwa na kuuawa Juni 2016. Hukumu ya hatia ilitoka Julai 2022 na adhabu Februari 2023. Watu hunitajia George Floyd, aliyeuawa Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, na kufikia Aprili 2021 polisi aliyemuua, Derek Chauvin, alikuwa ametiwa hatiani. Kweli. Ila Floyd aliuawa barabarani jioni, mbele ya watu, na msichana mpita njia akarekodi kwa simu. Ndani ya seli hakuna mpita njia. Kimani na wenzake walipofungiwa kituo cha polisi wa utawala Syokimau, kilichotoka nje kilikuwa kipande cha karatasi laini kilichoandikwa kwamba wako hatarini, kikatupwa, na mtu akakiokota. Jaji hapa huamua peke yake bila baraza la raia, na hawezi kuamua kwa kile kilichofutwa.

Ndiyo maana naumia nikiona video zinazotaja mahabusu waliokuwa seli za jirani, jina, mtaa na hata picha. Hao ndio karatasi laini ya kesi hizi. Wengi wana kesi zao wenyewe, za kuvunja duka au bangi, na wakili wa utetezi atawauliza mbele ya watu mbona waaminike. Baadhi wataachiliwa na kurudi kuishi mita chache kutoka kituo kilekile. Ukimjua mmoja wao, mpeleke IPOA au kwa Shirika la Kulinda Mashahidi, usimpeleke TikTok.

Na mtu wako akikamatwa leo, nenda kituoni kabla usiku haujaingia, umwone kwa macho yako, uulize namba yake ya OB uiandike pamoja na saa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinawapa polisi saa 24 kumfikisha mahakamani, au siku ya mahakama inayofuata. Jumamosi na Jumapili, mahakama zikiwa zimefungwa, ndizo siku ninazoziogopa. Akifariki, usikubali mwili uguswe kabla ya daktari wako, wala nguo zifuliwe.

Mama wa yule kijana wa shilingi 150 hakujua hili la nguo, ila alikataa tu kupokea shati bila kueleza sababu. Dada yake ndiye aliyewaambia wahudumu wa chumba cha maiti wasilitupe. Sasa liko mahakamani ndani ya bahasha ya kaki, lina namba ya kielelezo, kola imekauka rangi ya kahawia. Kesi iliposikilizwa mara ya mwisho, karani alilinyanyua shahidi alitambue. Mama alikuwa benchi la nyuma. Tulipotoka nje alinishika mkono akaniuliza, "Wakili, hilo shati nitarudishiwa lini?" Nikamwambia, "Mama, kesi ikiisha." Akauliza tarehe ya kusikilizwa tena, akaiandika kwenye kiganja chake kwa kalamu yangu.