Roketi za watalii hazijatoboa anga la Dodoma

Ile meseji ya "roketi za matajiri zimetoboa anga ndo maana Dodoma mvua hainyeshi" naona imerudi tena kwenye magrupu, safari hii na picha ya mtama uliokauka. Jamani, hewa haitoboki, roketi ikishapita inajifunga yenyewe. Na ukame huku ni wa zamani, waulize wazee wa Kigogo habari za Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920, vita na ukame kwa pamoja, wakati binadamu wa kwanza kufika anga za juu ni 1961 na mtalii wa kwanza kujilipia mwenyewe ni 2001. Mvua yetu ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, ikikata katikati ndo basi tena.

Kinachochanganya watu ni kwamba ukweli kidogo upo: roketi zinazochoma mafuta ya jamii ya mafuta ya taa zinaacha masizi juu kabisa, kule ambako hakuna mvua ya kuyaosha, yanakaa miaka, yanapasha joto tabaka lile la hewa na yanaweza kugusa ozoni, hewa inayotukinga na miale mikali ya jua. Hilo ndo la kujadili, sio mtama wetu. Ikikufikia tena angalia kama ina tarehe na nani kapima, haina? Usiifowadi.