Bunduki ya Nyumbani na Utawala wa Mabavu: Yanayopaswa Kueleweka

Kila kampeni ya kuhakiki au kusalimisha silaha inapotangazwa, dawati letu hupokea swali lile lile: serikali ikigeuka ya kiimla, raia asiye na bunduki atajilinda na nini? Ni swali la haki, na wengi wanaouliza wana nia njema. Tatizo ni kwamba wengi huja na jibu tayari, nalo ni kwamba dikteta humwogopa raia mwenye silaha. Historia haisemi hivyo.

Chini ya Saddam Hussein, familia nyingi za Iraq zilikuwa na bunduki nyumbani, naye alikaa madarakani tangu 1979 hadi majeshi ya kigeni yalipomwondoa mwaka 2003. Mwaka 1991 watu wa kusini walimwasi wakiwa na silaha mkononi. Helikopta na vifaru viliwazima katika muda wa wiki chache. Yemen ni miongoni mwa nchi zenye silaha nyingi zaidi mikononi mwa raia: makadirio ya taasisi ya utafiti wa silaha ya Small Arms Survey ya mwaka 2017 yalikuwa takriban silaha 53 kwa kila watu 100. Hata hivyo Ali Abdullah Saleh alitawala huko kwa zaidi ya miaka 30. Kwa Tunisia makadirio hayohayo yalikuwa kama silaha moja kwa watu 100, na ni huko ambako Rais Ben Ali alipanda ndege kukimbia tarehe 14 Januari 2011, baada ya maandamano ya wiki chache tu.

Sababu si fumbo. Mtawala wa mabavu hutegemea watu wanaotii amri zake: askari, mahakimu, makarani, wafanyakazi wa bandari na umeme. Siku wanapoanza kusita, kiti chake kinatikisika. Ufilipino, Rais Ferdinand Marcos alitangaza sheria ya kijeshi mwaka 1972 na kukusanya silaha za raia. Februari 1986 umati usio na bunduki ulisimama mbele ya vifaru jijini Manila, askari hawakufyatua risasi, na Marcos akaondoka. Askari anayetazamana na mama aliyepiga magoti barabarani ana nafasi ya kusita. Akirushiwa risasi, nafasi hiyo haipo tena. Watafiti waliochambua harakati 323 za kati ya 1900 na 2006 walikuta zile zisizotumia silaha zilifanikiwa kwa asilimia 53, na za silaha kwa asilimia 26.

Kuna dai moja tumelijibu mara nyingi mno, nalo bado linasambazwa: kwamba Hitler aliwanyang'anya Wajerumani wote bunduki. Si kweli. Sheria ya mwaka 1938 ililegeza masharti kwa Wajerumani wengi. Waliopigwa marufuku kumiliki silaha, mwezi Novemba mwaka huohuo, ni Wayahudi. Hapo ndipo wasiwasi wa raia una msingi, na taasisi yoyote ya umma inayoupuuza inakosea. Utawala wa kiimla mara nyingi hauondoi silaha, huzigawa upya. Myanmar, baada ya mapinduzi ya Februari 2021, utawala wa kijeshi ulifungua mwaka 2023 njia ya leseni kwa raia wanaohesabiwa kuwa watiifu kwa dola. Kwa hiyo jambo la kuuliza ni nani anapewa leseni, nani ananyimwa, na kwa kigezo gani.

Dola ikisambaratika mambo huwa mabaya zaidi. Albania, mwaka 1997, maghala ya jeshi yalivunjwa na silaha zaidi ya nusu milioni zikaingia mitaani. Inakadiriwa watu wapatao 2,000 walikufa, wakiwemo waliouawa na magenge.

Sasa taratibu, ambazo watu huzisoma wakiwa wameshachelewa. Masharti hutofautiana kwa kila nchi, lakini kwa kawaida leseni ni ya mtu mmoja kwa silaha moja yenye namba yake. Haiazimishwi: aliyeazima na aliyeazimwa wote wana kosa. Hairithiwi: mwenye leseni akifariki, familia hutakiwa kuikabidhi silaha au kuomba leseni mpya, na kuificha darini mpaka msiba uishe ni kosa. Risasi huhesabiwa peke yake. Silaha ikipotea au kuibwa, toa taarifa mara moja, maana ikikutwa kwenye tukio la uhalifu jina litakalosomwa kwenye rejista ni lako. Kumbukumbu hizo hazifutwi upesi. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto ya mwaka 2001 inazitaka nchi wanachama kuzitunza kwa muda usiopungua miaka 10.

Hali ya hatari inapotangazwa, leseni inaweza kusitishwa kwa amri, na silaha iliyokuwa halali jana ikawa kosa la jinai leo. Kwenda nayo kwenye maandamano ni hatari hata kama una leseni. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, kifungu cha 21, unalinda mkusanyiko wa amani, na bastola moja kiunoni huwapa wanaotaka kuutawanya kisingizio walichokuwa wakikitafuta. Watakaolipa ni walio kando yako.

Hatumshauri mtu yeyote kukaidi amri halali. Ukitakiwa kusalimisha, wasiliana na kituo cha polisi kabla ya kutoka nyumbani, toa risasi zote, zifunge mbali na silaha, nenda mchana pamoja na shahidi. Usiondoke bila hati ya mapokezi yenye aina ya silaha, namba yake, idadi ya risasi, tarehe na sahihi. Ukinyimwa hati, andika papo hapo jina la kituo, saa, na cheo cha aliyepokea, shahidi wako atie sahihi, kisha upeleke malalamiko kwa maandishi ukiambatisha nakala ya leseni. Amri ikilenga kabila, dini au chama kimoja tu, karatasi hizo ndizo wakili atakazoanza nazo mahakamani.