Tiba ya seli shina si unga wa kukoroga

Kuanzia Kongowea mpaka Likoni, kila mwenye tumbo linalomsumbua siku hizi huelekezwa pakiti ya unga na kuambiwa ni tiba ya seli shina. Inaniuma, maana wanaouziwa ni wagonjwa hasa. Wamo wenye ugonjwa wa Crohn na wenye vidonda vya utumbo mpana, maradhi ambayo kinga ya mwili huushambulia utumbo miaka nenda miaka rudi.

Seli shina ni seli inayoweza kujigawa na kuzaa seli za aina nyingine. Unga ule mara nyingi ni wa tufaha au zabibu, na ukifika tumboni humeng'enywa kama chakula chochote.

Hata waliosoma huteleza hapa: wanadhani seli zikiwekwa huotesha utumbo mpya. Zilizojaribiwa sana kwa Crohn ni seli za mesenkaima, zinazopatikana kwenye mafuta ya mwili au uboho. Tegemeo lake kubwa ni kemikali zinazotoa, ambazo hutuliza kinga. Arnold Caplan, Mmarekani aliyeeneza jina "seli shina za mesenkaima" mwaka 1991, ndiye huyo huyo aliyeandika mwaka 2017 kuomba libadilishwe, kwa kuwa linawapa wagonjwa matumaini yasiyo na msingi.

Tazama Alofisel, dawa ya seli hizo iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2018: seli hai milioni 120 kutoka mafuta ya mtu mwingine, zikidungwa na daktari wa upasuaji kuzunguka fistula, yaani tundu lisilo la kawaida linalotoboka kutoka utumboni, iliyo karibu na njia ya haja kubwa. Ilikuwa ya fistula tu, wala haikukusudiwa kutibu utumbo wenyewe. Katika jaribio la kwanza, takriban nusu ya waliodungwa walipata nafuu baada ya wiki 24. Kwa waliodungwa maji yasiyo na seli, ili kulinganisha, ilikuwa kama thuluthi. Jaribio la pili, kubwa zaidi, halikuonyesha tofauti ya maana, na mwaka 2024 dawa ikaondolewa sokoni Ulaya.

Basi dada yangu, kabla hujamwelekeza jirani kwenye pakiti hiyo, muulize muuzaji: seli zilizomo ziko hai? Zile za Ulaya ziliharibika baada ya siku chache tu tangu kutengenezwa. Hii imekaa rafuni kwenye joto la Mombasa. Na vidonge alivyoandikiwa jirani hospitali, tafadhali usimwambie aviache.