Kabari, Utepe na Waya Mmoja: Dhana Potofu Katika Kutyuni Piano

Piano ya kawaida ya vibonye 88 ina nyaya zaidi ya 220. Noti 8 hadi 12 hivi za mwisho wa besi zina waya mmoja mmoja, zinazofuata zina mbili mbili, na kuanzia maeneo ya katikati hadi kileleni kila noti ina nyaya tatu zinazopigwa na nyundo moja. Zote tatu zikilia pamoja, sikio halijui ipi imelegea. Ndiyo maana fundi wa kutyuni, yaani kupatanisha sauti, huzima mbili akasikiliza moja. Kabari ya mpira, utepe wa felti (sufu iliyoshindiliwa) na kibano cha plastiki havina kazi nyingine zaidi ya hiyo.

"Pedali ya katikati inazima, kabari za nini?"

Katika piano nyingi za kusimama, pedali hiyo hushusha pazia la felti kati ya nyundo na nyaya. Mpigo unapungua makali, jirani analala, lakini nyaya zote tatu bado zinalia. Umepata sauti tatu zenye mafua.

"Siku hizi kuna programu ya simu, kabari ni za wazee."

Programu husoma kile kinachofika kwenye maikrofoni. Tuchukue A ya hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde), kibonye cha 49. Waya wa kati ukiwa 440, wa kushoto 441 na wa kulia 439, mshale kwenye kioo utacheza huku na huku, nawe utakaza waya ambao haukuwa na kosa. Tofauti ya hezi 1 hapo inapiga wimbi moja, yaani mlio kuvimba na kufifia, kila sekunde. Senti 1, yaani sehemu moja ya mia ya hatua kati ya kibonye na kibonye cha jirani, hapo ni kama robo ya hezi, au wimbi moja kwa sekunde 4. Programu nzuri inaweza kuionyesha hata senti hiyo, mradi waya uwe peke yake.

Hata baada ya hapo, hatua ya mwisho haina programu wala kabari. Nyaya za noti moja zimekalia daraja moja, kipande cha mti kinachopeleka mtikisiko kwenye ubao wa sauti, na huvutana kupitia daraja hilo, jambo ambalo mwanafizikia Gabriel Weinreich alilieleza kwa kina mwaka 1977. Waya uliopimwa peke yake unaweza kuhama kidogo ukilia na wenzake. Kwa hiyo toa kabari zote, piga kibonye, sikiliza.

"Kitu chochote laini kinafaa."

Hapa ndipo vifaa vya kubahatisha vinapoharibu kazi. Sponji ya godoro ikizeeka humeguka unga unaoingia kwenye mitambo ya nyundo. Karatasi iliyokunjwa hupiga kelele kama mende ndani ya kopo. Kitambaa cha kufumwa huacha nyuzinyuzi kila unapokivuta.

Kifutio cha penseli kilichokatwa umbo la kabari kinaweza kukuokoa kwenye piano ya kulala, ile ambayo nyaya zake zimelazwa, siku moja ya shida. Kikate ncha iwe na milimita 1 au 2, nyuma ifike 10, na uso wake uwe umenyooka. Ncha ikiwa butu haitaingia kati ya nyaya tatu za noti moja bila kuzitanua.

Felti ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu maduka ya vipuri vya piano Kampala ni ya kutafuta kwa tochi. Lakini felti halisi inauzwa Owino, soko la mitumba la Kampala, bila mtu kuijua: kofia nzito za mitumba za sufu iliyoshindiliwa. Ijaribu kabla hujalipa. Vuta ukingo kwa kucha. Uzi ukichomoka, hicho ni kitambaa. Kisipochomoka kitu, ni felti. Unene wa milimita 3 hadi 4 unatosha kwa eneo la kati, na upana uwe sentimita 1.5 hadi 2. Kofia haikupi utepe wa mita moja na ushee kama ule wa kununua, ila hakuna sheria inayotaka utepe uwe kipande kimoja. Ukiuchomeka, kila noti hula kama sentimita 4, maana utepe hujikunja ndani ya kila pengo. Vipande vitatu vya sentimita 40 vitafunika oktavu mbili na zaidi kidogo.

"Kabari moja inatosha piano zote."

Piano ya kulala iko wazi kwa juu, unadondosha kabari ya mpira kati ya nyaya na mambo yanakwenda. Angalia tu isiegemee dampa, kile kipande chenye felti kinachonyamazisha waya, maana kibonye kitakuwa kizito na waya hautafunguka vizuri.

Piano ya kusimama ina nyundo na dampa mbele ya nyaya. Kabari fupi ya kawaida inafika vizuri kwenye besi. Upande wa juu nafasi inabana, nyundo zimesongamana, na ukilazimisha unapinda kijiti cha nyundo. Hapo ndipo kibano cha plastiki kinachoitwa Papps kinapostahili pesa yake. Unakibana, unakipitisha kati ya vijiti viwili vya nyundo, kisha unakiachia, nacho kinajitanua na kushika nyaya. Besi nayo inataka kabari pana zaidi, milimita 15 hivi, na ya felti ni bora kuliko ya mpira, kwa sababu waya mnene wenye kuzungushiwa shaba hutikisika sana na mpira mwembamba huruka.

Kwenye noti za nyaya mbili, kabari moja kati ya noti na jirani yake huzima waya mmoja wa kila upande, kwa hiyo unatyuni noti mbili bila kuihamisha. Noti za waya mmoja hazihitaji chochote.

"Ukishachomeka, umezima."

Bado. Kabari ikigusa waya katikati hasa ya urefu wake, au theluthi yake, waya hukataa kufa: mlio mkuu unazimika, filimbi nyembamba inabaki. Filimbi hiyo ikikutana na waya unaousikiliza, unasikia wimbi ambalo halipo. Dawa ni kusogeza kabari sentimita 2 au 3 juu au chini. Halafu dona kwa ukucha waya uliozimwa. Unapaswa kutoa "tup" kavu, basi.

Kama umehakikisha hivyo na waya mmoja ulio huru bado unayumba peke yake, usiilaumu kabari. Waya wenyewe unapiga wimbi la uongo: pini ya daraja imelegea, waya umepata kutu, au ulijipinda wakati wa kufungwa. Hakuna spana ya kutyuni inayotibu hilo.

Kuna mgeni mwingine ambaye hulaumiwa mara chache. Umeme wetu ni wa hezi 50, na friji au amplifaya ya kanisa iliyoachwa imewashwa huvuma kwenye hezi 100. G ya chini ya katikati, oktavu moja na zaidi chini ya C ya kati, ni hezi 98. Mvumo huo na noti hiyo vinapiga mawimbi mawili kila sekunde hata ukichomeka kabari kumi. Zima amplifaya. Na mvua ikianza kupiga mabati, weka spana chini unywe chai.

"Tandaza utepe piano nzima, kazi inaisha upesi."

Ni kweli kwa piano iliyokaribia kuwa sawa. Utepe ukipita katika kila pengo kati ya noti na noti, nyaya za pembeni zote zinazimika na za kati zinabaki huru. Unazipanga zote, kisha unautoa. Usisukume utepe kwa ncha kali ya bisibisi. Tumia bisibisi butu au kipande cha mti laini, kwa sababu mkwaruzo kwenye waya ni mlango wa kutu.

Shida ni piano iliyokaa miaka bila kuguswa, ikashuka senti 20 au 30. Nyaya za piano hubeba mvuto wa jumla wa takriban tani 18 hadi 20, na mvuto huo unasukuma ubao wa sauti kupitia daraja. Ukipandisha nyaya za kati zote, kisha ukatoa utepe na kupandisha za pembeni, mzigo unaongezeka, ubao unabonyea, na zile za kati ulizozimaliza saa moja iliyopita zimeshuka tena. Utepe haukukosea, hesabu ndiyo iliyokosea. Mzunguko wa kwanza uwe wa kupandisha tu, kwa haraka, ukizidisha robo hivi ya pengo: kama noti imeshuka senti 20, ipeleke kama senti 5 juu ya mahali pake. Katika mzunguko huu wengi huacha utepe na kukamilisha nyaya tatu za kila noti kwa kabari moja. Chomeka kati ya waya wa kati na wa kulia, tyuni wa kushoto. Hamisha kabari kwenye pengo la upande wa kulia, tyuni wa kati. Chomoa, tyuni wa kulia. Utepe urudi mzunguko wa pili.

Unapoutoa, usiunyofoe kwa mkupuo kama bandeji. Kila mkunjo unaotoka unafungua nyaya mbili kwa pamoja: wa kulia wa noti hii na wa kushoto wa noti inayofuata. Linganisha wa kwanza, kisha wa pili, ndipo uvute mkunjo mwingine. Ukivuta mitatu kwa haraka, umejirudishia fujo uliyokuwa umeizima.

"Kabari hazichakai."

Mpira uliokaa kwenye boksi la boda juani hunata au hugeuka jiwe. Ukinata, unaacha alama kwenye shaba ya besi, ukikauka, unateleza. Poda kidogo ya mtoto huufanya uingie vizuri, mafuta kamwe. Felti nayo huliwa na nondo, hivyo ifunge ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki.

Zihesabu kabla ya kurudisha kifuniko. Kwenye piano ya kusimama, kabari iliyoponyoka inashuka nyuma ya vibonye hadi ubao wa chini, na ikikwama njiani chini ya kibonye, mpiga piano wa Jumapili atasema fundi aliharibu mashine.