Batobato la maboga: ugonjwa usio na salfa yake

Ukikulia Mtwara au Lindi, dawa ya mimea unaijua kwa sura ya salfa. Mikorosho ikitoa maua, ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, nao unabisha hodi, basi alfajiri mashine zinavuma na shamba zima linafunikwa na vumbi la njano. Ndiyo maana mtu akikuta majani ya maboga yake yamejikunja na kuingia mabaka, anakwenda dukani na swali moja tu: "Nipulizie nini?" Jibu lenyewe chungu: hilo ni batobato, na hakuna dawa ya kuliponya.

Ubwiriunga ni kuvu, nayo hukaa juu ya ngozi ya jani, salfa ikaikuta hukohuko. Batobato ni kazi ya virusi, na kirusi hujificha ndani ya seli za mmea. Huwezi kumpulizia mtu aliyejifungia chumbani.

Neno lenyewe tumelizoea kwenye muhogo: jani lina mabaka ya kijani kibichi na njano, limekunjamana, limepotoka. Batobato la muhogo liliandikwa na wataalamu mwaka 1894, tena kutoka hapa kwetu, milima ya Usambara. Sasa usidhani boga limeambukizwa na muhogo ulio jirani. Sura zinafanana, virusi ni vingine. Ukoo wa boga, yaani tango, tikitimaji, mumunye na wenzao, una vyake kadhaa. Kimoja kilitambuliwa Italia miaka ya 1970 kwenye zukini, kikaja kuonekana karibu kila bara. Kingine kiliitwa kwa jina la tango, ila hakina adabu ya kubaki kwenye tango: kinaingia mimea ya aina zaidi ya 1,000, magugu yakiwamo. Boga lililopatwa hutoa majani membamba kama yaliyochanwa, na tunda huota nundunundu.

Virusi hivi havina miguu wala mabawa. Hubebwa na wadudu, na namna ya kubebwa ndiyo inayoamua kama dawa ya wadudu itakusaidia au utakuwa umetupa hela.

Chukua kidukari, wale wengi huwaita wadudu mafuta. Akitua kwenye jani hajui bado kama ni chakula chake, kwa hiyo anachoma kwa mdomo wake kama sindano na kuonja. Mfikirie mpishi wa shughuli, siku ya kutoka jando, anayepita sufuria baada ya sufuria akionja kwa mwiko uleule. Sufuria moja ikiwa imechacha, zinazofuata zinapakwa uchachu. Kuonja huko ni kwa sekunde chache tu, hata dakika haifiki. Dawa uliyopuliza itamuua, sawa, lakini atakufa baada ya kuonja. Na zipo dawa zinazomsumbua kabla hazijamuua, akawa anaruka jani hadi jani. Hapo umemsaidia kusambaza.

Ila mwiko huo nao hujifuta. Kidukari akionja mimea kadhaa isiyougua, virusi humwishia mdomoni. Ujanja wa kuzungushia shamba la matikiti mistari ya mahindi au mtama umetoka hapo: wageni kutoka magugu ya nje watue kwanza kwenye mahindi, waonje huko, wafike kwenye matikiti midomo ikiwa safi. Mimi nauamini kuliko chupa yoyote ya dukani.

Nzi weupe ni habari nyingine. Wapo virusi vya kukunja majani ambavyo nzi mweupe havipati kwa kuonja. Lazima akae anyonye hasa, virusi vipite tumboni, viingie kwenye mate, ndipo awe na uwezo wa kuambukiza. Safari hiyo huchukua saa nyingi, na akishavibeba huzunguka navyo siku na siku. Kwa huyu, dawa inaweza kupunguza madhara kwa sababu muda upo. Mbawakavu nao wana kirusi chao, ambacho pia husafiri ndani ya mbegu. Usiweke mbegu ya boga lenye nundu hata kama lilikuwa kubwa.

Mmea ulioanza kuugua mapema, ng'oa. Baadaye, ugonjwa ukishajaa shamba, kung'oa hakusaidii kitu.

Liko jambo moja ambalo vitabu vya wageni hulisahau kwa kuwa wao hawali majani ya maboga. Virusi vya mimea havimfanyi mtu augue, kwa hiyo mboga hiyo unaweza kuila. Ila utomvu unaobaki vidoleni na kwenye kisu unaweza kupeleka baadhi ya virusi hivyo kwenye mmea usiougua, bila mdudu yeyote. Ukienda kuchuma, anza na mashina yasiyo na batobato. Yenye mabaka yawe ya mwisho, kisha nawa mikono kwa sabuni kabla hujarudi shambani.